Fundi wa Vidole Viwili

Hakupenda kupanda gari. Wageni wote waliofika gereji yetu, pale nyuma ya stesheni ya Korogwe, walishangazwa na jambo hili, kwa sababu hapakuwa na mtu kati ya Tanga na Mombo aliyezijua springi za gari kama yeye. Lakini akikaa kwenye kiti na gari likaondoka, kabla ya kufika darajani mate yalikuwa yameshamjaa mdomoni, na dereva alilazimika kusimama ili ashuke akatapike kando ya mkonge. Kwa hiyo gari likishatengenezwa mtu mwingine ndiye aliyeliendesha. Yeye alitangulia kwa miguu mpaka pale barabara inapokatiza reli, akasimama mikono nyuma, kichwa kimeinama upande, akalisikiliza likipita juu ya vyuma.

"Lirudishe," alimwambia dereva. Likipita mara ya pili alitikisa kichwa. "Mguu wa nyuma wa kushoto una kinyongo. Tukaufungue."

Tulimwita Fundi. Mafundi tulikuwa sita, kila mmoja na jina lake, ila yeye peke yake aliitwa hivyo bila nyongeza. Jina lake alilopewa na wazazi sitaliandika, maana yeye mwenyewe hakutaka liandikwe popote, na sababu yake utaiona. Mimi nilikuwa mchomeleaji wa gesi. Benchi langu lilikuwa hatua tatu kutoka lake, na tulikaa hivyo miaka minane. Nasimulia habari zake kwa sababu kuna neno moja nililomficha, na neno lile lilimgharimu kazi yake. Nitalifikia. Kwanza nataka umjue alivyokuwa.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na vidole vinene kama ndizi za kuchoma. Kofia yake ya kufuma ilikuwa na alama ya grisi mbele, mahali dole gumba lilipoishika kila asubuhi, na mkewe aliifua na alama ile ikabaki. Alihubiri subira kutwa nzima, lakini chai ikija hakuweza kuisubiri ipoe. Aliimimina kwenye kisahani na kuinywa kwa sauti hata wateja wakageuka. Baiskeli yake ilikuwa na kiti kirefu mno kwake, akaiendesha kwa ncha za vidole vya miguu. Kila mtu alimwambia akiteremshe kile kiti, ni kazi ya spana moja tu.

"Mnataka niteremshe na mimi?" alijibu. "Ninayoyateremsha yanatosha."

Hapo ndipo penye kazi yake hasa. Zilikuwa zile siku baada ya Uhuru, mameneja wa mashamba ya mkonge walipoanza kufunga mizigo na kurudi kwao. Waliacha vitu vingi, na kati ya vitu hivyo yalikuwamo magari madogo ya michezo, ya viti viwili na paa la turubai, waliyokuwa wakiyakimbiza hadi Tanga siku za Jumamosi. Vijana wa Korogwe wenye uwezo waliyanunua. Na wote walitaka jambo moja: gari lilale, lishuke karibu na ardhi kama yale magari ya mashindano waliyowahi kuyaona yakipita kwa vumbi njia ya Moshi.

Fundi aliwacheka. "Mwenye gari la juu anataka kufika," alisema, "na mwenye gari la chini anataka kuonekana." Lakini nikuambie siri: hakuna kazi aliyoipenda kuliko ile. Likiingia gari la kushusha alianza kupiga mluzi, na siku hiyo hata chai ilipoa.

Nikueleze alivyofanya. Usiogope, si jambo gumu, na ukilielewa utaelewa pia yaliyotokea baadaye.

Gari huelea juu ya springi. Za mbele kwenye magari yale zilikuwa za kuzunguka, kama kamba iliyoviringishwa. Za nyuma zilikuwa bapa za chuma zilizolaliana, zimepinda kama upinde. Barabara ikiwa na shimo, springi hubonyea ikalimeza, kisha hurudi. Ile nafasi ya kubonyea Fundi aliiita pumzi ya gari. Ukilishusha gari unaikata pumzi hiyo. Ukiikata kidogo, gari hutulia, halilali sana kwenye kona, na hushika barabara vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani. Ukiikata sana, springi hufika mwisho, chuma hugonga chuma, tairi huruka, na kwa kitambo kile tairi liko hewani hakuna usukani wala breki. "Gari likigonga tumbo," alisema, "dereva ni abiria."

Kwa hiyo swali lote lilikuwa kipimo, na kipimo chake kilikuwa vidole viwili. Alivilaza kati ya tairi na bati linalolifunika, akapima kabla na baada. Hakuwahi kushusha zaidi ya hapo. Mteja akilia, akimwambia wa Tanga wameshusha vinne, alimwonyesha vile vidole. "Kimoja cha macho, kimoja cha moyo. Cha tatu ni cha jeneza."

Kabla ya kupima alimwuliza mteja uzito wake bila haya, kisha akapakia magunia ya mahindi kwenye viti mpaka uzito ukalingana, na gunia jingine la mchumba au la mama, kwa sababu, alisema, gari tupu ni gari mwongo. Springi za nyuma alizifungua bapa moja moja, akazilaza juu ya fuawe na kuzipiga nyundo ndogondogo, maelfu ya nyundo, mpaka upinde ukapungua. Hazikuguswa na moto. Za mbele hakuzikata ovyo. Alitafuta nyingine fupi na nene kidogo kutoka kwenye vigari vya mizigo vilivyokufa, akazipunguza kwa msumeno wa mkono huku mtu akimwagia maji chuma kisipate joto. Kisha aliyashughulikia mambo ambayo vijana hawakuyafikiria kamwe. Gari likishuka, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu huacha kulala sawa, vikainuka kama mikono ya mtu anayeomba, na hapo gari likidunda linajigeuza lenyewe. Alivirudisha vilale. Alipima magurudumu ya mbele kwa uzi na kijiti, yasitazamane wala kupeana kisogo. Alizungusha usukani mpaka mwisho kila upande aone kama tairi linakwangua bati. Alihakikisha mipira ya breki haijavutika.

Mwisho kulikuwa na udongo. Hili sijaliona kwa fundi mwingine popote. Kwa wanawake wanaofinyanga vyungu alipata udongo mlaini, akaufanya madonge manne. Kila donge alilibandika mahali ambapo chuma cha chini kingegonga cha juu springi ikifika mwisho. Kisha gari lilipelekwa relini, likavushwa kwa kasi, likarudi, na yeye akaingia chini kwa mgongo. Donge likiwa limebonyea lakini limebaki na unene wa kidole, alitoka akitabasamu. Likiwa limekuwa jembamba kama chapati, springi zilifunguliwa upya hata kama mteja alikuwa amevaa kwa safari.

Baada ya hapo alichukua chaki na kuandika tarakimu moja ndani ya bati, mahali pa kujificha: 2. Basi. Mafundi wengine waliandika majina yao kwa rangi, na mmoja alichora hata simba. Nilimwuliza kwa nini yeye haandiki jina.

"Bwana Gesi," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita, "kazi njema hakuna anayeuliza nani kaifanya. Ikiharibika ndipo watu wanatafuta jina. Wewe ushawahi kuona mtu anasimama juu ya daraja zima akauliza nani kalijenga?"

Mimi na yeye tulitaniana sana. Alikuwa Mzigua wa Kang'ata, mimi ni Msambaa wa milimani, na watu wetu wanatupiana maneno toka zamani. Alisema Wasambaa tumezoea mlima hata kwenye tambarare tunatembea tumeinama. Nilimjibu kwamba Wazigua wamezoea ukame, ndiyo maana anashangilia chai. Lakini kulikuwa na utani mmoja ulioniuma. "Moto wako ni wa kuunga, Bwana Gesi. Usiulete karibu na springi zangu. Springi ni chuma kilichofundishwa. Ukikipasha kikawa chekundu kinasahau yote, na hakikwambii kwamba kimesahau." Alilisema hili mbele ya wateja, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa kijana, na moto wangu niliuonea fahari. Nilicheka pamoja nao, ndani nikaliweka.

Usidhani alikuwa mpole. Kwa gari alikuwa kama mkunga; kwa watu alikuwa na ulimi mkali. Aliwahi kumfukuza afisa mmoja wa wilaya aliyeleta gari la serikali chafu, akamwambia aende akalioge kwanza, hata ng'ombe wa mnada huogeshwa. Lakini nilipougua malaria alipiga baiskeli yake kila jioni hadi kwangu, ncha za vidole, akiwa na chupa ya uji. Hakukaa. Alisimama mlangoni, akaniangalia kama anayesikiliza gari likipita relini, akasema, "Bado," na kuondoka. Siku ya tano akasema, "Umepona," na kweli homa ilishuka usiku ule.

Sasa nimfikie Hiza.

Hiza alikuwa kijana wa Mkumbara, mtoto pekee wa mama mjane aliyelima mahindi na kuuza nyanya kando ya barabara. Alisoma, akapata kazi nzuri ya kupima mashamba, akalinunua gari dogo jekundu la meneja mmoja. Alikuwa kijana wa kupendeza, mwenye maneno matamu, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Fundi alimpenda. Alilifanyia gari lake kazi ya wiki mbili, na lile donge la udongo lilirudi na unene wa kidole kamili. Akaandika 2.

Hiza alilizunguka gari, akachuchumaa, akasimama. "Fundi, kazi nzuri. Ila mbele bado limeinua pua. Nipunguzie kidogo tu."

"Hapana."

"Idi ni Jumamosi. Nataka mama alione linaingia uani limelala chini kama paka."

"Paka akilala hakimbii. Wewe unataka kulala au kukimbia?"

"Vyote viwili, Fundi."

"Basi nunua kitanda na gari." Watu wakacheka, Hiza naye akacheka. Fundi akamshika bega. "Mwanangu, mama anataka kukuona wewe. Gari atalisikia tu."

Kesho yake ilikuja habari kwamba dada yake Fundi amefariki kule Kang'ata. Akaondoka kwa lori la Handeni, amekaa nyuma juu ya magunia, uso ameutazamisha nyuma ili asitapike. Alhamisi jioni Hiza aliingia tena, akaja moja kwa moja benchini kwangu.

"Kaka, Fundi ni mzee," aliniambia. "Anaogopa hata kivuli cha gari. Lakini wewe una kile kimoto. Jamaa wa Tanga wanapasha springi palepale zilipo, gari linashuka lenyewe, dakika kumi. Au huwezi?"

Angenibembeleza ningekataa. Lile "huwezi" ndilo lililoniingia. Nikaona ninavyochekwa mbele ya wateja, na nikaona siku Fundi atakaporudi alikute gari limelala vizuri, bila nyundo elfu, bila udongo, na ashindwe la kusema. Niliwasha moto. Nilipasha springi ya kulia mizunguko mitatu, kisha ya kushoto. Gari lilishuka taratibu kama mtu anayeketi. Vidole viwili zaidi. Hiza alipiga makofi kama mtoto. Nilimwambia, "Nenda polepole." Sikuweka udongo.

Siku ya Idi, asubuhi baada ya sala, alitoka Korogwe kwenda kwa mama yake. Kabla ya Mkumbara kuna korongo ambalo barabara hulivuka kwa kuteremka na kupanda ghafla. Magari yote hupita pale na kubonyea. Lake lilikwisha pumzi. Waliokuwa shambani walisema lilipiga kishindo chini, likaruka, likaangukia ubavu na kuwaka. Hiza alikuwa peke yake. Mama yake alikuwa ameshapakua.

Fundi alirudi kutoka msiba mmoja akaingia mwingine. Mabaki ya gari yaliletwa uani petu. Alichuchumaa mbele yake kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, akagusa springi za mbele moja moja. Zilikuwa zimekaa chini, zimegeuka rangi, lakini moto wa ajali ulikuwa umeunguza kila kitu, na chuma kilichoungua hakisemi kimeunguzwa na moto upi. Nilikuwa nikimwangalia. Nilisubiri ageuke aniulize. Hakuniuliza. Alitafuta mahali pa chaki. Rangi ilikuwa imebabuka. Akavitazama vidole vyake viwili.

Siku ya saba mama yake Hiza alikuja. Alikuja na basi, amejifunga kaniki, hakuwa na mtu. Hakupiga kelele. Alisimama katikati ya gereji na kusema, "Aliyelishusha gari la mwanangu ni nani?"

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, moto mkononi unawaka.

"Ni mimi, mama," Fundi akasema.

Yule mama akamsogelea. "Alikusifu," akasema. "Kila alipokuja alikusifu." Akageuka akaondoka.

Nikazima moto. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho. Nakueleza haya kwa utulivu, kwa sababu huenda nawe una neno kama hilo na unadhani litakuwa jepesi likikaa. Halipungui. Siku ya kwanza lilikuwa neno la dakika moja. Baada ya mwezi lilihitaji kueleza pia kwa nini nilinyamaza mwezi. Baada ya mwaka sikujua lingeanzia wapi.

Fundi hakugusa springi tena. Alikubali kusafisha rejeta, kuziba mipira, kubadilisha mafuta. Mteja akija na springi alimwelekeza kwa mwingine. Hakupiga mluzi. Chai aliiacha ipoe. Na utani ukaisha: alianza kuniita kwa jina langu, kwa heshima, na kila aliponiita hivyo niliumia. Siku moja aliniambia, bila mimi kuuliza, "Nilipima vibaya. Sijui wapi. Magunia nilihesabu, udongo niliuona. Kuna kitu sikukijua, na nilikuwa sikijui siku zote. Wale wengine walipona kwa bahati tu." Nilifungua mdomo. Akaingia mteja.

Mwaka uliofuata aliondoka, akarudi Kang'ata kulima. Gereji ikachukuliwa, ikawa ya umma, mimi nikahamishwa kwenda kufundisha uchomeleaji kwenye shule ya ufundi palepale Korogwe. Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Nikasikia watu wa kwao wamepakiwa kwenye malori na kushushwa kwenye kijiji kipya, pamoja na vyungu na kuku wao. Nilimwona akilini juu ya lori lile, ametazama nyuma.

Nilikwenda kumwona miaka mingi baada ya kuachana. Sitajisifu kwa hilo. Nilikuwa nimefundisha somo la springi darasani, nikafika mahali pa moto, na mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, umewahi kuona aliyefanya hivyo?" Nikajibu, "Ndiyo, mtu mmoja." Wiki ile sikulala vizuri. Likizo ilipofika nilipanda gari la Handeni, na kutoka pale lori la Kang'ata.

Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili, mpya, za miti na udongo, uwanja katikati na ghala la kijiji mwisho. Mkewe alinitambua kwanza. Fundi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, kofia ileile, macho yamefunikwa na utando mweupe.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Aliinamisha kichwa upande, kama relini. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Bwana Gesi," akasema, na nilikaa chini kabla sijakaribishwa.

Mbele ya ghala kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, mkubwa, wenye magurudumu ya gari. Mkewe alinieleza wakati wa kunipa maji: ndio unaobeba wagonjwa na wajawazito hadi zahanati, njia ya mawe matupu. Wanawake wanapendelea kutembea. Mwezi uliopita binti wa jirani alijifungulia njiani kwa mtikisiko, mtoto hakupona, na si wa kwanza. "Wamemwomba huyu aweke springi, kuna lori bovu nyuma ya ghala lina springi nzuri. Wamemwomba toka tulipohamia. Yeye anasema hajui kazi hiyo."

"Sijui," Fundi akasema.

Hapo nilisema. Sikupanga maneno. Nilimwambia Alhamisi ile, Hiza, lile "huwezi", springi ya kulia na ya kushoto, vidole viwili zaidi juu ya viwili vyake. Nilimwambia nilivyosimama mama wa Hiza alipouliza. Mkewe aliweka kata chini, akaingia ndani.

Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wakipita nyuma ya nyumba kwenda majini, kengele zao zikasikika mpaka zikaisha.

"Ulipasha mpaka rangi gani?" akauliza.

"Nyekundu."

"Nyekundu ya pilipili inayoanza, au iliyoiva?"

"Iliyoiva."

Akatikisa kichwa polepole. Akainua mkono wake wa kulia mbele ya macho yake yasiyoona, akavikunjua vidole viwili. "Kwa hiyo vilikuwa viwili kweli," akasema. Kisha akasema, na hakuwa akisema na mimi, "Na huyu binti wa jirani. Na wale waliotangulia." Uso wake ulikunjamana kama karatasi, akaufunika kwa kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa hili sikujiandaa. Nilidhani namletea mzigo wa mtu mmoja.

"Fundi, naomba radhi."

"Springi za lori," akasema kutoka ndani ya kofia. "Utazifungua wewe. Sasa hivi. Na hakuna moto."

Tulifanya kazi siku mbili. Yeye alikaa kwenye kigoda na kusikiliza, mimi nikawa mikono yake. Nilipiga bapa kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha reli mpaka malengelenge yakapasuka, na kila nilipopiga kwa haraka alisema, "Bado." Tulipakia madebe sita ya maji, uzito wa mgonjwa na mama wa kumshika. Mkewe alifinyanga madonge ya udongo. Mkokoteni ukavutwa kwenye mawe na kurudi, nikalala chini kwa mgongo, nikalitoa donge na kuliweka kiganjani mwake. Alilibonyeza kwa dole gumba. Lilikuwa na unene wa kidole.

"Chaki," akasema. Mkewe alikuwa nayo. Sijui aliitunza tangu lini. Fundi akaninyooshea. "Andika mbili. Chini yake andika jina lako."

"Fundi, kazi ni yako."

"Andika."

Niliandika. Alipapasa ubao mpaka akayagusa maandishi, kwa wepesi, asiyafute.

"Mama yake yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Bado anauza nyanya palepale."

"Umeanzia mwisho, Bwana Gesi. Mimi nilipaswa kuambiwa wa pili." Aligeuka kuelekea mlangoni, akaushika kwa mkono. "Lori la Handeni halisubiri mtu."

Hakunipa mkono, nami sikuuomba. Nililala Handeni, asubuhi nikafika Korogwe, na nyumbani kwangu kulikuwa mwendo wa dakika tano kutoka stendi. Nikapanda basi la Moshi. Lilipolifikia korongo lilibonyea, likapumua, likapanda ng'ambo, na abiria hawakuacha mazungumzo yao. Nilishuka Mkumbara. Alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, mzee sasa, na akadhani nimekuja kununua.

"Karibu, baba," akasema. "Fungu lipi?"

Mikono yangu ilikuwa bado na chaki.